Kodi Yenye Umeme na Maji Humo Humo



Mtumishi anayehamishiwa Morogoro mara nyingi huonana na dalali kabla hajaonana na mkuu wake wa kazi. Iwe Kihonda, Mafiga au Kilakala, maneno ni yale yale: chumba na sebule, kodi ya miezi sita kwa mkupuo, umeme na maji humo humo. Mgeni hufurahi, kwani huona ameepushwa na hesabu nyingi. Kumbe hesabu zipo, ila amefichwa.

Zamani jambo hili lilikuwa na msimamizi. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1984 ikatungwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Shughuli za Msajili ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Ile sheria ya 1984 ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei ya chumba ni mapatano ya watu wawili, tena aghalabu ya mdomo mtupu.

Mita ya LUKU, ambayo jina lake lamtaka mtu alipe umeme kadiri anavyotumia, yapasa kutazamwa kwanza. Katika nyumba nyingi za kupanga, mita hiyo ni moja kwa familia tatu au nne. Bei nafuu ya matumizi madogo ya nyumbani huishia uniti 75 kwa mwezi. Familia nne zikitumia uniti 40 kila moja, kila familia peke yake ingestahili bei hiyo; lakini kwenye mita moja huwa uniti 160, na wote hutupwa kwenye bei ya juu. Mwenye nyumba, ambaye pengine ni mwalimu mstaafu aliyejenga kwa kiinua mgongo chake, hana budi kukisia, na mwenye kukisia hukisia juu asije akapata hasara. Hivyo mwenye taa mbili na redio humlipia jirani mwenye jiko la umeme. Na uniti zikiisha usiku wa Jumamosi, huku mwenye nyumba yuko Dar es Salaam na simu haipokewi, mwalimu hubaki na madaftari yake gizani ingawa kodi alikwisha kulipa.

Tena, tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa katika ununuzi wa umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Deni hilo ni la mwenye jengo. Mpangaji anayenunua umeme mwenyewe hulilipa bila kuulizwa, na ni wachache wanaodai lipunguzwe katika pango.

Maji nayo yana mambo yake. Mji huu hunywa maji ya Uluguru, yale ya vijito vya mlimani na yale ya Bwawa la Mindu lililojengwa katika miaka ya 1980 kwenye Mto Ngerengere. Kiangazi kikikaza, au miteremko ya juu ikilimwa hadi kingo za mito, bomba hukohoa hewa na madumu huanza kupita kwa mikokoteni. Hapo ndipo ahadi ya “maji humo humo” hujaribiwa. Je, ni maji ya bomba peke yake, au na ya dumu pia? Mpangaji husema yote. Mwenye nyumba husema la bomba tu. Wote wawili wana haki ya kusema hivyo, maana hakuna kilichoandikwa.

Karatasi moja ingetosha: kiasi cha uniti kilichomo katika kodi na nani anunue zinazozidi, nani abebe kodi ya jengo, maji yasipotoka siku kadhaa nini kifanyike, na namba za mita zilivyosomeka siku ya kuingia. Mita ndogo kwa kila chumba ni bora zaidi, ingawa haiwarudishi wapangaji kwenye bei ya uniti 75. Mgogoro ukifika Baraza la Ardhi na Nyumba, swali la mapema litakuwa mkataba uko wapi, na stakabadhi za kodi ziko wapi.