Hotuba ya Walimu wa Chekechea Watokao Nyakabiga
(Ilisomwa mbele ya Kamati, Siku ya Walimu Duniani, tarehe 5 Oktoba)



Sisi ni walimu wa watoto wadogo. Kazi hii tuliianzia Nyakabiga, mjini Bujumbura, jirani na Bwiza na Jabe. Shule zetu za chekechea zilitegemea karo. Mwaka 2005 serikali ya Burundi ilifuta karo ya shule za msingi, na watu walishangilia. Kwetu hali ilibaki ile ile: mzazi akikosa, mwalimu naye alikosa. Aliyejifungua alikaa nyumbani bila kitu, na akirudi alikuta nafasi yake imechukuliwa.

Mwaka 2015 tulikimbia. Wengine tulipitia Kagunga, tukabebwa na meli ya Liemba hadi Kigoma. Kambini tulikusanya watoto chini ya miti tukaanza tena, kwa mtaala wa kwetu Burundi. Tunajua kwamba mkimbizi hapa hapati mshahara, hupata posho. Lakini posho ikichelewa, mwalimu huacha darasa akashone nguo za watu. Wanaoumia ni watoto.

Ndugu zetu, siku hii ya leo ina asili yake. Tarehe 5 Oktoba 1966 UNESCO na Shirika la Kazi Duniani walipitisha Pendekezo juu ya hadhi ya walimu. Humo mwalimu wa chekechea ametajwa pamoja na wa msingi na wa sekondari. Mwaka 2013 Shirika la Kazi likatoa mwongozo: mwalimu wa watoto wadogo alipwe sawa na wa msingi mwenye elimu kama yake, apate mkataba, likizo ya uzazi na hifadhi ya uzeeni. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 iliwapa serikali za kaunti kazi ya elimu ya awali. Hapo angalau mwalimu anajua mlango wa kubisha.

Nasi tunabisha kwenu. Tunaomba Kamati ifikishe kwa wanaohusika mambo manne:

1. Posho yetu ilingane na ya mwalimu wa shule ya msingi.
2. Ilipwe kwa tarehe inayojulikana.
3. Mama aliyejifungua apumzike akiwa na posho yake, na nafasi yake ilindwe.
4. Kila mwalimu apewe cheti cha miaka aliyofundisha, ili siku ya kurudi nyumbani asihesabiwe kuwa mgeni katika kazi yake.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wazazi mnatushukuru kila asubuhi mnapotuachia watoto, nasi tunapokea kwa moyo. Lakini shukrani haziivishi maharage.