Aliyefika Awarudie Wenzake

Leo twauliza swali moja: mtu aliyetangulia ana wajibu gani kwa wale wanaomfuata nyuma?

Vijana wetu wapendao mpira wa kikapu wamjua Luol Deng. Alizaliwa Wau, Sudani Kusini, mwaka 1985. Vita viliifukuza jamaa yake hadi Misri. Huko Manute Bol, mtu wa kwao na mchezaji mkongwe wa ligi kubwa ya Marekani, aliwafundisha mchezo huo yeye na ndugu zake. Bol huyo alitumia sehemu kubwa ya mali yake kuwasaidia watu wake walioteswa na vita.

Deng naye aliingia ligi hiyo mwaka 2004, akacheza misimu 15. Alipostaafu mwaka 2019 angeweza kukaa raha mustarehe. Hakufanya hivyo. Alikubali kuwa rais wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudani Kusini, nchi iliyopata uhuru mwaka 2011. Alitoa fedha mfukoni mwake kulipia safari, hoteli na mahali pa mazoezi, kisha akaketi benchi pamoja na waalimu wa timu. Mwaka 2023 timu ilicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Tarehe 28 Julai 2024, katika Michezo ya Olimpiki, ikaishinda Puerto Rico 90 kwa 79. Siku hiyo ulipigwa kwanza wimbo wa taifa usio wao, kwa makosa. Lakini walisimama pamoja mpaka wa kwao ukapigwa. Kati yao alikuwamo Khaman Maluach, kijana wa miaka 17 aliyekulia Uganda.

Bol alimshika mkono Deng, na Deng akawashika mkono wadogo zake. Ndivyo ilivyo kazi ya mkongwe.

Katika Matendo ya Mitume twamwona mkongwe mwingine, Barnaba. Sauli alipofika Yerusalemu, wanafunzi walimwogopa, wala hawakusadiki kwamba ameokoka. Barnaba alikuwa na jina jema. Alilichukua jina hilo jema akamkinga nalo mtu asiyeaminiwa, akampeleka mbele ya mitume. Baadaye Paulo huyo huyo alipomkataa Marko, Barnaba alisimama na Marko. Na mwishowe ni Paulo aliyeomba Marko aletwe, kwa kuwa amfaa katika utumishi.

Ndugu zetu, sisi wa Ukambani twaijua mwethya. Watu hukusanyika kuchimba matuta katika shamba la mmoja wao, na kesho huenda kwa mwingine. Hakuna anayesema, "Langu limekwisha, mimi nakaa." Udongo wa mlimani ukiachwa bila tuta, mvua huuchukua wote, na wa jirani pia.

Lakini je, kanisani tunafanya vivyo? Kijana asingiziwapo katika kamati, sisi wazee tunaojua ukweli twanyamaza, tukiogopa kuharibu jina letu. Mwalimu mpya aonewapo shuleni, wa zamani watazama dirishani. Twaliita jambo hilo busara. Kumbe ni woga uliovaa kanzu. Jina jema lisilomkinga mtu lafaa nini? Ni kama mwavuli uliofungwa wakati wa mvua.

Basi, wewe uliyetangulia, kazini, nyumbani au kanisani, mtafute wiki hii mmoja anayesimama peke yake. Usingoje akuombe. Nenda ukasimame kando yake, useme unalolijua juu yake mbele ya watu. Huenda ukapunguziwa heshima kidogo. Barnaba hakuihesabu hasara hiyo.

Bwana atujalie moyo wa kuwarudia wenzetu. Amina.