Jaji Haketi Kitini na Moyo Mtupu



Tumezoea kuambiwa kwamba sheria ndiyo inayoamua, na jaji ni kinywa chake tu. Hatukubali. Mashahidi wetu ni majaji wawili wa Mahakama Kuu yetu wenyewe.

Mwaka 1987 Jaji Derek Schofield aliletewa ombi la jamaa za Stephen Mbaraka Karanja, aliyekamatwa na polisi asionekane tena. Polisi walidai kwamba walimpiga risasi akitoroka, akazikwa Eldoret. Jaji aliamuru mwili ufukuliwe. Makaburi yakachimbwa, mwili haukupatikana. Alipozidi kuwadai polisi jibu, alipewa uhamisho kwenda Meru, naye akajiuzulu.

Mwaka 1989 Jaji Norbury Dugdale aliwekewa mbele yake Kifungu cha 84 cha Katiba ya zamani, kilichomruhusu mtu aliyevunjiwa haki zake za kimsingi kwenda moja kwa moja Mahakama Kuu. Kifungu kiliongeza kwamba Jaji Mkuu anaweza kutunga kanuni za utaratibu. Anaweza, ndugu zetu, hakikusema sharti. Katika kesi ya Maina Mbacha, jaji aliamua kwamba, maadamu kanuni hazijatungwa, kifungu hakifanyi kazi. Kwa neno hilo dogo, haki zote za sura ile zikafungiwa mlango. Mwaka uo huo Wangari Maathai alikwenda kuzuia jengo la orofa 60 lisisimamishwe Uhuru Park. Jaji yule yule akamwambia kwamba hana haki ya kushtaki. (Yule mjane wa Injili ya Luka angalau alisikilizwa hatimaye.)

Majaji wote wawili walikuwa raia wa Uingereza, wamefunzwa sheria ile ile, wamekula kiapo kile kile. Vitabu vyao havikutofautiana. Kwa jinsi tusomavyo hukumu zao, mmoja aliona kwamba serikali hudaiwa jibu kama mtu mwingine yeyote. Mwenzake aliona kwamba raia ndiye wa kuthibitisha kwanza kwamba anastahili kusikilizwa.

Wako wasemao kwamba ilikuwa hofu tu, kwa kuwa mwaka 1988 majaji waliondolewa ulinzi wa kazi. Hofu ilikuwapo. Lakini ulinzi ulirejeshwa mwaka 1990, na bado ombi la Kenneth Matiba dhidi ya uchaguzi wa urais wa 1992 lilitupwa kwa sababu hakulitia sahihi mwenyewe. Mkewe ndiye aliyelitia, kwa kuwa maradhi yaliyompata Matiba kizuizini yalimnyima uwezo wa kuandika.

Katiba ya 2010 iliandikwa na watu waliokumbuka hayo. Kifungu cha 22 chasema kwamba kukosekana kwa kanuni hakumzuii mtu kudai haki yake. Cha 159 chawakataza majaji kushikilia mno taratibu. Hata hivyo maneno haya nayo yatasomwa na binadamu mwenye imani zake. Kwa hiyo, Tume ya Huduma za Mahakama inapowahoji hadharani wanaotaka ujaji na kuwaalika wananchi kutoa maoni, tusipeleke sifa za kabila wala za dhehebu. Tupeleke hukumu walizokwisha kuandika na kesi walizotetea, na tuonyeshe ni nani aliyetolewa nje bila kusikilizwa, na kwa neno gani.