Kofia za Siku ya Ukaguzi: Tabia ya Usalama Katika Maeneo ya Ujenzi

Ndugu wakandarasi na mafomeni,

Kila aliyesimamia ujenzi anajua kinachotokea gari la mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, likionekana getini. Kofia ngumu zinatoka stoo, buti zinagawiwa, aliyepanda mirunda na ndala anateremshwa haraka. Mkaguzi akiondoka, vyote vinarudi stoo. Halafu tunasema vibarua ni wakaidi. Mimi naona wanatusoma vizuri mno.

Lawama hii ni ya zamani. Mwaka 1931 H. W. Heinrich, mtumishi wa kampuni ya bima huko Marekani, aliandika kwamba asilimia 88 ya ajali kazini hutokana na matendo ya hatari ya watu. Alizitegemea rekodi za bima na za wenye viwanda, yaani maelezo ya upande wa mwajiri. Hata hivyo tarakimu hiyo bado inatajwa kwenye mafunzo kana kwamba imepimwa kwa rula.

Tuchukue siku ya kumwaga slabu. Mmepatana na vijana: zege likiisha, mnawalipa, wanaondoka. Kwa mapatano hayo, anayesimama kufunga mkanda wa usalama anawachelewesha wenzake, nao hawatamnyamazia. Fomeni akipaza sauti, “Chapeni kazi, mvua hiyo!”, maneno yote ya usalama ya asubuhi yamefutika. Kibarua anafundishwa na malipo na sauti ya fomeni. Bango la getini ni la wageni.

Faini hazisaidii sana, zinafundisha kujificha. Zawadi za “siku nyingi bila ajali” zina ubaya zaidi, kwa sababu kidole kilichopondwa kitafungwa kitambaa kimyakimya ili kundi lisikose pilau. Jeraha lililofichwa halifiki Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wala halimfikii mwenye uwezo wa kurekebisha jukwaa. Paul O'Neill, alipoanza kuiongoza kampuni ya alumini ya Alcoa mwaka 1987, alikwenda kinyume cha hapo: mkuu wa kitengo alitakiwa kumpa taarifa ya jeraha ndani ya saa 24, pamoja na mpango wa kuzuia lisijirudie. Aliyebanwa kwa maswali alikuwa bosi.

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 155 wa mwaka 1981 unamlinda mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu. Vizuri. Lakini kibarua anayechaguliwa getini alfajiri ataitumiaje haki hiyo, akijua kesho hatachaguliwa? Kwa hiyo napendekeza atakayesimamisha kazi kwa sababu ya hatari alipwe siku yake kamili, na fomeni amshukuru mbele ya wenzake, hata ikibainika hofu yake ilizidi.

La pili ni la kwenu wakandarasi. Muda wa kufunga jukwaa na kukagua mikanda uwekewe bei yake ndani ya zabuni, usifichwe kwenye gharama nyinginezo ambako ndiko kisu hupita kwanza. Mteja akilalamika kuwa bei imepanda, mwonyesheni mstari huo, mumuulize kama yuko tayari kuukata kwa saini yake.