Tajiri Anatafuta Nini kwa Kijana wa Leo?



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi: tajiri anakitafuta kitu gani kwa kijana anayeanza, asiye na uzoefu? Nitachukua mfano wa hapa Mombasa, kazi ambayo wengi wetu tuna jamaa anayeifanya, ya kutoa mizigo bandarini.

Zamani aliyeanza kazi hiyo alitakiwa awe na miguu. Alibeba faili, akapanga foleni forodhani, akagongesha mihuri, akarudi. Mwaka 2005 Mamlaka ya Ushuru ikaleta mfumo wa Simba, hati zikawa zapelekwa kwa kompyuta. Mwaka 2014 ukazinduliwa mfumo wa KenTrade, uliokusanya vibali vya idara nyingi za serikali mahali pamoja mtandaoni. Leo hata huyo Simba ameshapisha mfumo mwingine. Basi miguu peke yake haitoshi, yatakiwa vidole na macho.

Nasema macho makusudi. Ukikosea tarakimu moja ya kontena, au ukaiweka bidhaa kwenye fungu la ushuru lisilo lake, mzigo unasimama, siku zinahesabika, na gharama za bandarini zinamwangukia mwenye mali. Ndiyo maana cheti cha kompyuta cha miezi mitatu hakimtoshi tajiri. Wengine watakuketisha mbele ya mashine, upewe orodha ya bidhaa uiingize, ujumlishe, uitume kwa barua-pepe. Je, umehakikisha jumla? Faili umeipa jina? Au umetuma barua tupu bila hata salamu?

Hapa vijana twateleza. Kwa kuwa simu iko mkononi tangu asubuhi mpaka daku, twadhani tunaijua teknolojia. Mtu ni bingwa wa WhatsApp, lakini mwambie atafute faili aliyoihifadhi jana, anababaika!

Na liko jambo darasani halitiliwi mkazo: neno la siri. Ofisi ikikupa, imekupa sahihi yake. Ukimwazima rafiki akafanya lake, jina litakalotokea ni lako. Hiyo ni amana.

Wazazi, na mabinti pia. Mzee anayemkataza bintiye kwenda saiba namwelewa. Lakini basi amtafutie mahali pengine pa kujifunzia, maana tangazo la kazi halitauliza kwa nini hajui.

Utasema, nyumbani hakuna kompyuta. Sawa, lakini duka la babako lina daftari. Chukua mauzo ya mwezi mmoja, nenda saiba hata saa moja kwa siku, uyaingize kwenye Excel: tarehe, bidhaa, bei, deni. Jumla ya mashine ikikataana na ya daftari, usiondoke mpaka ujue kosa liko wapi. Kisha uchapishe ukurasa huo, uende nao kwenye intavyuu.