Daftari la Mlimani: Faida ya Kuhesabu Mwewe



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mazungumzo haya yanahusu daftari lililofunguliwa mwaka 1934 juu ya mlima mmoja katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, ambalo linaendelea kuandikwa hadi leo.

Mlima huo huitwa Hawk Mountain, yaani Mlima wa Mwewe, nao umo katika safu ya Kittatinny. Kila mwaka, baridi inapokaribia na majani ya miti kupukutika, mwewe, kozi na tai wa kaskazini huhamia kusini. Upepo wa kaskazini-magharibi ukiipiga safu hiyo huelekea juu, na ndege huchukuliwa nao, wakasafiri mwendo mrefu pasipo kupiga mabawa. Ndiyo maana wapitao hapo ni wengi: kwa wastani karibu 18,000 kwa msimu.

Zamani njia hiyo ilikuwa njia ya mauti. Wawindaji walipanda mlimani na bunduki, wakaua ndege kwa mamia na kuwaacha waoze. Mwewe alihesabiwa kuwa mwizi wa kuku, na mwaka 1929 jimbo lilianza kutoa zawadi ya dola 5 kwa kila kozi aliyeuawa. Mwaka 1932 Richard Pough alipiga picha za mizoga iliyopangwa kwa safu. Habari hizo zilipomfikia Bibi Rosalie Edge wa New York, aliukodi mlima mwaka 1934, akamwajiri Maurice Broun kuwa mlinzi, naye akafika pamoja na mkewe, Irma.

Broun hakuishia kuwazuia wawindaji. Alianza pia kuhesabu. Utaratibu wa kazi hiyo si mgumu. Tangu katikati ya Agosti hadi katikati ya Desemba, wahesabuji huketi juu ya miamba ya kilele wakiwa na darubini. Kila saa huandika aina za ndege, idadi yao, upepo na hali ya hewa. Saa isiyo na ndege nayo huandikwa, kwa maana sifuri ni habari.

Thamani ya daftari ilidhihirika baada ya miaka zaidi ya ishirini. Kati ya 1935 na 1939, katika kila tai 100 wa kichwa cheupe walioonekana, 40 walikuwa wachanga. Kati ya 1955 na 1959 walibaki 20 tu, na mwaka 1957 alionekana mchanga 1 kwa kila wazima 32. Tai wazima walikuwa bado wakiruka, hivyo mtazamaji wa siku moja asingeona kasoro yoyote. Daftari ndilo lililofichua kwamba kizazi kipya hakipatikani. Rachel Carson alizitumia hesabu hizo katika kitabu chake cha mwaka 1962 juu ya madhara ya viuadudu. Baadaye ilithibitika kwamba DDT ilifanya maganda ya mayai kuwa membamba, yakavunjika yakiatamiwa. Mwaka 1972 Marekani ilipiga marufuku matumizi ya dawa hiyo mashambani, na tai wakaanza kuongezeka tena.

Jambo hili linaihusu pia Afrika Mashariki. Mwezi Oktoba na Novemba, vipanga na tai watokao Urusi na Asia ya Kati hupita katika anga yetu, wakifuata hewa ya joto ipandayo kwenye Bonde la Ufa. Huku nako mwewe huchukiwa kwa sababu ya vifaranga, ingawa ndege wa jamii yake hula panya waharibuo mazao. Vifaranga huweza kukingwa kwa tenga au banda. Sumu haina kinga: mzoga uliotiwa sumu kwa ajili ya fisi huua tai, mbwa wa nyumbani na viumbe wengine.

Basi, mkazi akikuta ndege amekufa shambani asimshike kwa mikono mitupu. Aandike tarehe, mahali na idadi, kisha ampelekee habari afisa ugani wa kata. Taarifa moja huonekana kuwa tukio dogo. Taarifa nyingi zilizotunzwa vizuri huwa ushahidi. Haba na haba hujaza kibaba.