Mgeni Njoo, Lakini Tujuane: Vijana na Nyumba za Kukodi kwa Siku

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti katika kikao cha wenye nyumba, wasimamizi wa ploti na vijana, Kibuye, Kisumu.



Nashukuru kwamba tumekutana leo, siku ambayo si Jumapili. Jumapili hapa Kibuye hakuna anayesikiliza hotuba. Soko limejaa, waumini wanatoka Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresa, matatu zinapiga honi, na kila mtu ana mzigo. Ni soko hilo hilo lililotufundisha kupokea wageni. Mfanyabiashara anayetoka Busia au Kisii kuuza mitumba hulala mahali, na tangu zamani kuna mama wa hapa aliyemkodishia chumba. Kwa hivyo biashara ya kulaza wageni nyumbani haikuletwa na simu. Simu imeongeza kasi tu.

Mtakumbuka Mei 2022, mkutano wa Africities ulipofanyika hapa Kisumu. Maelfu ya wajumbe walikuja, vitanda vya hoteli havikutosha, na wakaazi wengi wakafungua milango yao. Wengine waliipenda kazi hiyo wakaendelea nayo. Leo Milimani, Riat, Migosi, Lolwe, Mamboleo na hapa kwetu, nyumba iliyokuwa ikikodishwa kwa mwezi sasa inakodishwa kwa usiku mmoja. Kunapokuwa na raga ya Dala Sevens, au wikendi ndefu, au wanafunzi wakimaliza mitihani, simu huanza kulia: "Sisi ni vijana kumi, tunataka nyumba kuanzia Ijumaa hadi Jumapili."

Swali la leo ni hilo moja. Simu hiyo ikiingia, unajibu nini?

Mama mmoja jirani yangu hujibu, "Imejaa," hata kama iko wazi. Msimu mmoja alikodisha kwa watu wanne wakaja ishirini, akarudi akakuta kochi limechomwa na sigara, bomba la choo limeziba, na majirani wamemwandikia barua. Simlaumu. Lakini yupo mwingine hujibu, "Tuma pesa kwa M-Pesa, ufunguo uko chini ya chungu cha maua," kisha hajui kamwe ni nani aliyelala kwake. Nataka niwaonyeshe kwamba majibu yote mawili yana hasara, na la pili linaweza kuua.

Niruhusuni nianze na yangu mwenyewe. Nikiwa mwaka wa mwisho chuoni, nikisomea uandishi wa habari, tulikodi nyumba ya likizo kando ya ziwa. Tulisema tuko sita, na tulifika kumi na watano. Mwenye nyumba hakuuliza jina wala umri, wala hatukumwona uso. Saa nane usiku mwenzetu aliteleza kwenye ngazi ya nje isiyokuwa na reli ya kushika, akaanguka vibaya. Tulimpigia mwenye nyumba, simu ilikuwa imezimwa. Tukapata dereva wa teksi, akatuuliza, "Mko wapi?" Hapo ndipo tulipogundua kwamba kati yetu kumi na watano hakuna aliyejua jina la barabara wala la mtaa. Tulitembea gizani tukimtafuta mtu wa kutuambia tuko wapi. Mwenzetu alipona, lakini hadi leo mguu mmoja haukunji sawasawa.

Nani alikosea? Sisi tulidanganya idadi, na hilo nalikiri mbele yenu. Lakini ile ngazi haikuwa yetu. Kenya ina sheria kuhusu wajibu wa mwenye mahali kwa wale anaowaruhusu kuingia: inamtaka achukue uangalifu unaofaa ili mgeni asidhurike. Kwa hivyo roshani iliyolegea, waya uliochunika, jiko la makaa linalowashwa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, yote hayo mgeni akiumia, utaulizwa wewe.

Sasa nije kwa jambo zito zaidi. Januari 2024, ndani ya wiki chache, wanawake wawili vijana waliuawa katika nyumba za kukodi kwa siku jijini Nairobi, mmoja South B na mwingine Roysambu. Tarehe 27 mwezi huo watu waliandamana katika miji kadhaa ya nchi, Kisumu ikiwemo, wakitaka mauaji ya wanawake yakome. Baada ya mauaji hayo serikali iliwakumbusha wenye nyumba hizi kwamba wanapaswa kusajiliwa na kupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Wengi walidhani ni sheria mpya. Ilikuwepo miaka mingi, ni sisi tuliokuwa hatuisomi.

Nyumba haiui mtu. Lakini nyumba ambayo hakuna anayeangalia nani ameingia na nani hajatoka, ni mahali pazuri kwa mwenye nia mbaya. Daftari lenye majina, kamera ya lango na mlinzi aliye macho humfanya mtu kama huyo aende kwingine.

Wenzetu wa ng'ambo walijifunza kwa uchungu huo huo. Usiku wa tarehe 31 Oktoba 2019, huko Orinda, California, nyumba iliyokodiwa kupitia Airbnb kwa maelezo ya watu kumi na wawili ilifanyiwa sherehe ya watu zaidi ya mia moja. Risasi zikapigwa na watu 5 wakafa. Kampuni hiyo ilisimamisha sherehe katika nyumba zake duniani kote mwaka 2020, na mwaka 2022 ikafanya marufuku hiyo kuwa ya kudumu. Kwa hivyo wewe uliyetangaza nyumba yako humo, ukiruhusu sherehe ya siku ya kuzaliwa ya watu arobaini, huenda umevunja masharti uliyoyakubali mwenyewe.

Basi, je, tuwafungie vijana mlango? Hapana. Kwanza, Katiba yetu katika kifungu cha 27 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya umri wake. Kijana wa miaka 22 mwenye kitambulisho na pesa yake ni mgeni kama mgeni mwingine. Pili, ukimkataa atakwenda kwa yule wa ufunguo chini ya chungu. Tatu, tusijidanganye: ni hao vijana wanaonunua samaki Dunga, wanaopanda boda, wanaokula nyama choma na kuipa Kisumu pesa kila wikendi. Kinachotakiwa ni masharti ya wazi, yanayomhusu kila mgeni, kijana na mzee.

Nimeyapanga kwa utaratibu ambao kazi yenyewe hufuata.

Kabla ya kukubali. Ongea na mgeni kwa sauti, usiishie kwenye ujumbe. Muulize wako wangapi, wanakuja kwa shughuli gani, na nani kati yao ndiye kiongozi. Mtu mmoja mzima awajibike kwa kundi zima, atie sahihi na kulipa amana ambayo itarudishwa nyumba ikikaguliwa. Andika idadi ya juu ya watu, na uihesabu kwa vitanda na vyoo ulivyo navyo. Nyumba ya vyumba viwili yenye choo kimoja haiwezi kuwa ya watu kumi na watano, hata walipe mara tatu.

Kuhusu umri. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa mujibu wa sheria. Ukiletewa kundi la wanafunzi wa sekondari, taka mzazi au mwalimu awepo, na uhakikishe kwa kupiga simu. Ukimwona msichana mdogo ameletwa na mtu mzima na hujaridhika na maelezo, usinyamaze kwa sababu chumba kimeshalipwa. Nambari 116 ya kusaidia watoto haitozwi pesa.

Siku ya kufika. Uwepo, au umtume mtu unayemwamini. Angalia kitambulisho cha kila mtu mzima anayelala, uso na picha vifanane, uandike jina, nambari, saa ya kuingia na baadaye saa ya kutoka. Anayekuja kutembelea naye aandikwe. Hapa nawaonya: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakutaka uzihifadhi habari hizo vizuri na uzitumie kwa kazi hiyo tu. Nimewahi kuona picha ya kitambulisho cha mgeni katika kundi la WhatsApp la ploti. Hilo ni kosa. Kamera iwe langoni na kwenye ngazi, na mgeni aambiwe kwamba ipo. Ndani ya vyumba isiwepo kabisa. Airbnb wenyewe walipiga marufuku kamera za ndani kuanzia Aprili 2024.

Kisha waonyeshe nyumba. Mtungi wa gesi unafungwaje, swichi kuu iko wapi, mlango wa pili uko wapi. Na nyuma ya mlango ubandike karatasi moja yenye jina la mtaa, barabara, alama inayojulikana, simu yako na ya mlinzi, nambari ya polisi 999 au 112, nambari 1195 ya dhuluma za kijinsia, na hospitali iliyo karibu. Kwa hapa Kibuye andika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, na uongeze "Russia," maana dereva wa boda atalijua jina hilo haraka zaidi. Karatasi hiyo haifiki shilingi ishirini. Usiku ule wa mwenzetu ningeinunua kwa pesa yoyote.

Wakati wakiwa ndani. Kanuni za kitaifa za kelele za 2009 zinaanza kuhesabu usiku saa mbili, na katika mitaa ya makazi kiwango ni desibeli 35. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hupita hapo, sembuse spika iliyo kwenye roshani. Waambie mapema, na uandike katika masharti. Pombe nayo: mgeni mzima akija na yake ni shauri lake, lakini wewe ukiweka kreti na kumuuzia bila leseni, hiyo ni baa haramu. Ukisikia ugomvi au mtu akilia, piga simu kwa mlinzi, kisha polisi. Usingoje asubuhi.

Kwa wale waliopanga nyumba kwa mwezi na kuikodisha kwa usiku: mwambie mwenye nyumba. Mkataba wako huenda unakataza, na jambo likitokea yeye ndiye atakayeamshwa na polisi, akishangaa ni wageni gani hao. Na sote, leseni ya utalii na kibali cha biashara cha kaunti ni stakabadhi mbili tofauti. Moja haichukui nafasi ya nyingine.

Vijana, nanyi nawageukia kama mtu aliyewahi kuwa yule wa kumi na tano. Semeni idadi ya kweli. Tumeni mahali mlipo kwa mtu wa nyumbani. Tazameni nyumba na mwenyewe kabla ya kutuma pesa yote, kwa sababu wako wanaotangaza nyumba zisizo zao. Ukialikwa na mtu usiyemjua kwenye nyumba ya namna hii, mkutane kwanza mahali penye watu. Na mkija watano, mrudi watano: asiachwe mtu peke yake na mgeni wa usiku huo kwa sababu tu amechoka au amelewa.

Majirani, wageni wasiwe maadui zenu. Chukueni simu ya mwenye nyumba, mpigieni mapema kabla hasira haijapanda. Nyumba Kumi ilianzishwa kwa ajili ya kujuana, na mgeni wa siku mbili naye ni sehemu ya mtaa kwa siku hizo mbili.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji atapona ikiwa mgeni naye atarudi kwao salama. Ukifika nyumbani leo, kabla ya kujibu simu ya wikendi, fanya kitu kimoja: panda ngazi yako ya nje, ushike reli, uitikise.